Bizari ya mchuzi wa kuku: ya pakiti, mchuzi mix, ya kupimwa sokoni na ya kusaga nyumbani

Kwenye rafu moja ya duka, vipakiti vya manjano vimepangwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja: bizari ya mchuzi, mchuzi mix, masala ya kuku, masala ya pilau. Mpishi anachukua kilicho karibu, anakitia sufuriani, na mchuzi ukitoka na ladha ya unga mbichi au chumvi kali, lawama inamwangukia kuku. Vitu hivyo vinatofautiana kwa vilivyomo, kwa kazi vinavyofanya na kwa wakati wa kutiwa. Hukumu yangu naiweka mapema: kwa nyumba nyingi, pakiti ndogo ya bizari safi, isiyo na chumvi wala wanga, inatosha kabisa. Mchuzi mix si bizari na haiwezi kushika nafasi yake. Bizari iliyosagwa nyumbani inazishinda zote, ila kwa yule tu anayepika mchuzi mara kwa mara.

Msingi wa kulinganishia ni huu. Kuku mmoja wa kisasa wa kilo 1.3, vipande 10 hadi 12. Vitunguu maji 3 vya wastani, kama gramu 350, vilivyokatwa vyembamba. Nyanya 4 zilizoiva vizuri, gramu 400 hivi, zilizokunwa. Punje 6 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha sentimita 5, vilivyopondwa pamoja. Mafuta vijiko 5 vya chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Bizari kijiko kimoja na nusu cha chakula, kilichosawazishwa na si cha kurundika, yaani karibu gramu 10. Kipimo hiki ni cha bizari safi. Bidhaa nyingine zinakibadilisha, na nitasema zinakibadilisha vipi.

Vitunguu vinaanza, moto wa wastani, dakika 12 hadi 15, pamoja na nusu kijiko cha chai cha ile chumvi ili vitoe maji upesi. Karibu sehemu tisa kwa kumi za kitunguu ni maji, na maji hayo yakiwa bado yamo, kitunguu hakipandi juu ya nyuzi 100 na hakigeuki rangi. Ndiyo maana dakika 7 au 8 za mwanzo huonekana kama hakuna kinachoendelea, kisha kingo zinaanza kuwa za hudhurungi zote kwa pamoja. Asiye na subira huongeza moto hapa. Kingo zinaungua, katikati inabaki mbichi, na mchuzi unakuwa mwepesi wenye nyuzi za kitunguu zinazoelea. Uzito wa mchuzi wa kuku unatoka kwenye kitunguu kilichoyeyuka, na hapa ndipo mchuzi mix inapopata wateja wake wengi: inaficha kitunguu kilichokatishwa njiani.

Saumu na tangawizi vinafuata kwa dakika moja, mpaka harufu kali ya ubichi iondoke. Kisha bizari. Ikoroge kwanza kwenye kibakuli na vijiko 3 vya maji hadi iwe uji mzito, ndipo uimwage. Unga mkavu ukitua kwenye mafuta ya moto unaungua ndani ya nusu dakika, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno na hazina chochote cha kuzikinga. Ukiwa na maji, joto la mafuta linashughulika kwanza na kuyakausha, nawe unapata dakika mbili za kukaanga bila hofu. Koroga bila kuacha. Mwanzoni utaona tope la manjano linalonata kwenye mwiko. Baada ya dakika moja na nusu linakolea rangi, linaacha kushika chini ya sufuria, na mafuta ya rangi ya chungwa yanachuruzika pembeni. Hapo ndipo bizari imeiva.

Hatua hii hairukwi, na sababu yake ni rahisi. Rangi ya manjano na harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Bizari iliyonyunyizwa juu ya mchuzi unaochemka itatoa rangi kidogo na vumbi jingi. Ile ladha ya udongo na unga mbichi ambayo watu huilaumu pakiti kwayo ni bizari ambayo haikupitishwa kwenye mafuta.

Nyanya zinaingia na kupikwa dakika 8 hadi 10, mpaka mafuta yajitenge tena. Kisha kuku, ambaye anageuzwageuzwa kwenye viungo kwa dakika 6 au 7, chumvi iliyobaki, na maji mililita 250 tu, kwa sababu kuku wa kisasa hutoa maji mengi mwenyewe. Funika nusu, moto mdogo, dakika 25. Vipande vya kidari vitie dakika 10 baada ya mapaja, la sivyo vitakuwa vikavu mapaja yakiwa ndiyo kwanza yanalainika. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74 katikati ya kipande kinene. Asiye nacho achome karibu na mfupa wa paja na kuangalia majimaji yanayotoka yawe meupe yasiyo na wekundu. Mfupa wa kuku mchanga unaweza kubaki na weusi au wekundu hata nyama ikiwa imeiva, hasa aliyegandishwa, kwa hiyo usiuhukumu mfupa.

Bizari safi ya pakiti

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayepika mchuzi mara moja au mbili kwa wiki. Vipakiti vidogo kama vya Simba Mbili viko mpaka kwenye maduka ya mtaani, na udogo huo ndio faida yake: unamaliza kabla harufu haijakimbia.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti usome vilivyomo. Kwa kawaida ya lebo za vyakula, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Bizari nzuri ya mchuzi huanza na giligilani, au dania kama wengine wanavyoiita, kisha manjano, bizari nyembamba (jira), halafu vile vya kiasi kidogo: pilipili manga, uwatu (methi), mdalasini, iliki, karafuu. Manjano yakitangulia giligilani, jua mchuzi utakuwa na rangi kali na ladha nyembamba yenye uchungu kidogo; haifai kuzidisha kipimo kwa bizari ya namna hiyo, bora uongeze nusu kijiko cha chakula cha giligilani ya unga. Ukiona chumvi, wanga wa mahindi au unga wa ngano kwenye orodha, hiyo si bizari safi hata kama jina la mbele linasema hivyo. Alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa inayosomeka, ni vitu vya lazima. Pakiti yenye tarehe iliyofutika iache dukani.

Nyumbani, mimina kidogo kwenye kiganja na usugue kwa kidole gumba. Bizari hai inapanda puani mara moja, harufu ya giligilani kwanza, ile inayokaribia ganda la chungwa, kisha bizari nyembamba. Bizari iliyokufa inanukia vumbi, au manjano peke yake, kwa kuwa manjano ndiyo yanayodumu muda mrefu kuliko wenzake. Usijaribu kuifidia kwa kutia vijiko viwili zaidi. Utapata uchungu na mchangachanga kinywani, harufu haitarudi.

Tatizo la pili la bizari ya pakiti ni uwatu. Watengenezaji wengine huutia kwa wingi kwa sababu una harufu kali, na uwatu ukiungua hata kidogo mchuzi wote unakuwa mchungu. Pakiti ya namna hiyo ikaange kwa dakika moja tu badala ya mbili, na moto uwe mdogo. Mchuzi ukishakuwa mchungu kwa kuungua, sukari wala tui haviuokoi. Kama kuku bado hajaingia, mwaga uanze upya. Hasara ya vitunguu vitatu ni ndogo kuliko ya kuku mzima.

Tahadhari moja ya dukani: sehemu nyingi za Tanzania bara, ukiomba binzari unaweza kupewa manjano matupu. Sema binzari ya mchuzi, au soma pakiti mwenyewe.

Mchuzi mix

Kenya jina la Royco limekuwa jina la aina nzima, na hakuna ubaya kuipenda. Ubaya ni kuitumia kama bizari. Aina hii kwa kawaida ina wanga wa mahindi na chumvi kwa wingi, kisha viungo, vikolezo vya ladha na mara nyingi sukari kidogo. Kazi yake ni mbili, kufanya mchuzi uwe mzito na kuukoleza chumvi. Harufu ya viungo inayobaki ni kidogo.

Unaweza kuiona tofauti kwa macho. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mchuzi mix, koroga kwenye nusu kikombe cha maji baridi, chemsha. Baada ya kuchemka maji yanakuwa mazito yenye kung'aa, yanashika mgongo wa kijiko. Rudia na bizari safi yenye giligilani nyingi: maji yanapata rangi, lakini chembe zinatua chini na yanabaki membamba. Cha kwanza ni kizito cha mchuzi chenye viungo ndani yake, cha pili ni viungo.

Kutokana na hapo, makosa yake yote yanaeleweka. Ukiikaanga kwenye mafuta kama bizari, wanga unashika chini ya sufuria na kuungua kabla viungo havijaiva. Ukiitia ikiwa kavu kwenye mchuzi unaochemka, wanga wa nje ya kila donge unaiva papo hapo na kufunga unga mbichi ndani, ndiyo yale madonge ambayo hayavunjiki hata upige mwiko namna gani. Ukiitia mwanzoni na kupika muda mrefu, mchuzi unazidi kushika chini na unahitaji maji, kisha unaongeza mchuzi mix tena, na chumvi inapanda kila mzunguko.

Matumizi sahihi ni haya: pika kwa bizari safi kama nilivyoeleza, tia chumvi nusu kijiko cha chai tu tangu mwanzo hadi mwisho, na kuku akibakiza dakika 5 koroga kijiko kimoja cha chakula cha mchuzi mix kwenye maji baridi vijiko 4, mimina huku ukikoroga, acha uchemke taratibu. Onja ndipo uongeze chumvi. Kwa mchuzi mwepesi wa haraka, siku nyanya ni za maji na vitunguu ni vichache, inasaidia kweli. Mchuzi uliowekwa wanga hukaza sana ukipoa; siku ya pili utahitaji robo kikombe cha maji ya moto kuulegeza.

Mwenye shinikizo la damu, au anayempikia mzazi aliyeshauriwa na daktari kupunguza chumvi, aiache kabisa. Kwa bizari safi unajua chumvi yote iliyomo kwa sababu uliitia mwenyewe.

Bizari ya kupimwa sokoni

Kariakoo, Darajani kule Unguja, Marikiti ya Mombasa: magunia na madeli ya viungo yamefunguliwa, muuzaji anakuchotea kwa kijiko na kupima. Bei kwa uzito mara nyingi ni nafuu kuliko pakiti, na ukipata muuzaji anayesaga kila siku, hakuna pakiti inayomfikia. Ila ubora unategemea muuzaji mmoja mmoja, na bizari iliyoachwa wazi mchana kutwa kwenye joto na mwanga imepoteza nusu ya thamani yake kabla hujafika.

Njia nzuri ya kununua sokoni ni kununua viungo vizima na kuomba visagwe mbele yako. Omba mashine isage kwanza kikombe kidogo cha giligilani yako mwenyewe na ukitupe, kwa sababu mashine iliyotoka kusaga pilipili kichaa itakuletea mchuzi ambao watoto hawataugusa. Giligilani nzima iwe ya rangi ya majani makavu au hudhurungi hafifu, si nyeusi. Vunja punje moja kwa kucha, inukie. Iliki iwe ya kijani na nzito mkononi, maganda yaliyopauka na kufunguka hayana kitu. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiibonyeza kwa kucha inatoa unyevu wa mafuta. Mdalasini wa soko kwa kawaida ni ule wa magome manene. Ni sawa kwa mchuzi, ila ni mkali, usiuzidishe.

Manjano yanahitaji uangalifu zaidi kuliko vyote. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 kuhusu manjano ya Bangladesh ulionyesha kuwa baadhi yake yalitiwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, ili yang'ae, na risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Kununua vidole vizima vya manjano peke yake si kinga, kwa maana rangi hiyo ilipakwa kwenye vidole vyenyewe kabla ya kusagwa. Kidole cha manjano kikavu cha kawaida kina ganda lililofifia, la hudhurungi yenye vumbi, na ukikivunja ndani ndiko kunakowaka rangi ya chungwa. Kikiwa kinang'aa njano nje kuliko ndani, na kikaacha rangi mkononi kwa kuguswa tu, usikinunue. Jaribio la kutia manjano kwenye glasi ya maji na kuangalia rangi halitoi uhakika wa jambo hili. Kwa familia yenye watoto wadogo, manjano ya kampuni inayopimwa na shirika la viwango ni chaguo la busara kuliko yale ya gunia lisilojulikana limetoka wapi.

Kitu kingine cha kukataa sokoni ni harufu ya ukungu. Kiungo kilichohifadhiwa na unyevu kinaweza kuota ukungu wenye sumu isiyoondoka kwa kukaangwa. Madonge magumu ndani ya unga ni dalili ya unyevu ulioingia; muuzaji akiyavunja kwa kijiko na kukuambia si kitu, nenda meza ya pili.

Kusaga nyumbani

Hapa ndipo mchuzi wa kuku unapobadilika waziwazi, na ni kazi ya dakika 25, bila kuhesabu muda wa kupoza. Kwa gramu 100: giligilani gramu 45, bizari nyembamba gramu 15, manjano ya unga gramu 15, pilipili manga gramu 7, mdalasini gramu 5, mbegu za iliki gramu 5, uwatu gramu 3, shamari (fennel) gramu 3, karafuu gramu 2. Hiyo inatosha kuku kumi wa kipimo cha juu. Mizani ndogo ya jikoni ni ya lazima kwa karafuu, kwani gramu 5 badala ya 2 zitafanya mchuzi unukie kama dawa ya meno. Pilipili kali sikuitia kwa makusudi. Itie sufuriani, mbichi au ya unga, kulingana na walaji.

Kaanga kavu kwenye kikaango kizito, moto mdogo kuelekea wastani, kila kiungo peke yake. Ukivimwaga vyote pamoja, bizari nyembamba na uwatu vitaungua giligilani ikiwa bado haijapata joto, kwa kuwa punje zao ni ndogo. Giligilani inachukua dakika 3 au 4, hadi rangi ikolee kidogo na harufu itoke. Pilipili manga, mdalasini uliovunjwa na karafuu vinaweza kwenda pamoja, dakika 2. Bizari nyembamba na shamari, dakika moja na nusu. Zikianza kudunda kikaangoni zimefika. Uwatu, dakika moja tu, mpaka ukaribie rangi ya asali. Ukifika hudhurungi iliyokolea, utupe, gramu 3 hizo zitaharibu nyingine zote. Iliki ipashe moto nusu dakika kwenye kikaango kilichozimwa. Manjano hayakaangwi, yanaingia yakiwa unga.

Moshi haupaswi kuonekana wakati wowote. Moshi ni mafuta ya kiungo yanayoondoka, na hayo mafuta ndiyo uliyoyanunua.

Mimina kila kiungo kwenye sinia pana mara kinapoiva, kwa sababu kikaango kikishazimwa bado kinaendelea kupika. Acha vipoe kabisa, dakika 20 hivi. Kusaga vikiwa vya moto ni kosa linalorudiwa sana: mvuke unajikusanya kwenye kifuniko cha mashine, unga unashikamana, na baada ya wiki chache chupa ina donge moja. Saga kwa mikupuo ya sekunde 10 hadi 15 ukipumzisha, ili kisu kisipate moto. Chekecha kwa chujio la chai lenye matundu madogo, saga tena kilichobaki, ndipo uchanganye na manjano. Kwa kinu na mchi inawezekana, na wapo wanaopendelea hivyo, ila mdalasini uponde kwanza peke yake, na ujue unga utakuwa na chembe kubwa zaidi. Ongeza muda wa kukaanga kwenye mafuta kwa nusu dakika.

Bizari hii ni kali kuliko ya pakiti. Anza na kijiko kimoja cha chakula kwa kuku mzima. Na kwa kuwa giligilani iliyosagwa karibuni inafyonza maji kidogo, ikishirikiana na kitunguu kilichoyeyuka mchuzi utakuwa mzito wenyewe, bila wanga wowote.

Masala ya pilau na garam masala

Masala ya pilau kwa kawaida hayana manjano na yamejaa bizari nyembamba, mdalasini, karafuu na iliki. Kwenye mchuzi wa kuku hutoa rangi ya kahawia na harufu inayofanya mlaji atafute wali ndani yake. Tumia nusu kijiko cha chai kama nyongeza, basi. Garam masala ni kiungo cha mwisho: robo hadi nusu kijiko cha chai, dakika mbili kabla ya kuepua, ufunike. Ikipikwa tangu mwanzo harufu yake yote inaondoka na mvuke.

Ukipika kwa nazi

Tui linapunguza ukali wa kila kitu, na hapa bizari ya pakiti yenye manjano mengi inafanya vizuri kuliko kwenye mchuzi mkavu wa nyanya. Nazi moja kubwa iliyokunwa hutoa tui zito kama mililita 200 hadi 250 ukikamua kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, na kikombe kingine cha maji hutoa tui jepesi. Punguza nyanya ziwe 2, kwa sababu ukali wa nyanya nyingi unalikata tui. Pika kuku kwa tui jepesi badala ya maji, na tui zito liingie kuku akishaiva, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja mpaka lianze kutoa mapovu madogo pembeni, kisha uzime. Likichemka kwa nguvu linakatika: mafuta juu, maji chini, na chembe nyeupe katikati. Bado linalika, ila ule ulaini umekwisha. Tui la kopo haliko hivyo; mengi yana vishikizi vinavyoyazuia kukatika, hivyo yanavumilia kuchemka, ingawa utamu wake ni mzito na wa aina moja. Mchuzi mix kwenye tui sioni haja yake hata kidogo, tui lenyewe ni zito.

Kwa kuku paka, yule wa Wahindi wa Afrika Mashariki anayechomwa kwanza mkaani kisha kuingizwa kwenye mchuzi wa nazi, punguza bizari iwe kijiko kimoja cha chakula na uitie kwenye mchuzi tu. Ukimpaka kuku bizari kabla ya kumchoma, itaungua mkaani na kuleta uchungu; mpake tangawizi, saumu, ndimu na chumvi.

Kuku wa kienyeji

Huyu anahitaji saa moja na nusu au zaidi kulingana na umri, na bizari haiwezi kuvumilia muda wote huo bila kupoteza harufu. Mchemshe kwanza na chumvi, tangawizi na saumu mpaka akaribie kulainika, hifadhi supu yake, kisha uandae kitunguu, bizari na nyanya pembeni na kumwingiza pamoja na supu kwa dakika 20 za mwisho. Supu hiyo imebeba ute wa mifupa na ngozi, ndio unaoufanya mchuzi unate midomoni. Kumwaga supu ya kienyeji halafu kutafuta uzito kwenye pakiti ni hasara mara mbili.

Kuhifadhi

Unga wa viungo unakaa vizuri miezi 2 hadi 3 ikiwa umesagwa nyumbani, na pakiti iliyofunguliwa miezi 4 hivi, kwenye chupa kavu ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini, mbali na jiko. Kile kirafu cha juu ya jiko la gesi ambako wengi huweka viungo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote: joto, mvuke na mwanga kwa pamoja. Viungo vizima vinadumu mwaka na zaidi, kwa hiyo nunua vizima vingi na usage kidogo kidogo. Usimimine bizari kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayofuka. Mvuke unaingia mdomoni mwa chupa na unga wa juu unaanza kuganda siku hiyo hiyo. Pima kwa kijiko kikavu kwenye kibakuli, funga chupa, ndipo utie maji ya kukorogea.